Anayesubiri na Anayesubiriwa

Vitabu vingi vya sosholojia vinavyoeleza utandawazi hueleza mwendo. Mitaji inakwenda, picha zinakwenda, watu wanahama, habari inazunguka dunia kabla jua halijatua. Mimi riziki yangu imetoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa miaka mingi, katika kazi ya klaringi, yaani kuwatolea watu mizigo yao bandarini, na ninachokijua kwa ndani ni kusubiri. Kusubiri meli iingie, kusubiri gati, kusubiri hati, kusubiri mtandao urudi, kusubiri ofisi ya nchi nyingine ifunguliwe kwa kuwa huko bado ni usiku. Nilipoanza kusoma sosholojia, masomo ya jioni baada ya kutoka kazini, kila nadharia nilikuwa nikiipima kwa swali moja: je, inamweleza huyu aliyeketi kwenye benchi la ofisini kwetu, bahasha ya karatasi mapajani, akisubiri? Zipo zilizomweleza vizuri mno. Zipo zilizompita kana kwamba hayupo.

Tulianza na mwanasosholojia Anthony Giddens. Katika kitabu chake cha 1990 juu ya matokeo ya usasa, anasema usasa ni namna ya maisha iliyochipuka Ulaya kuanzia karne ya 17 hivi, kisha ikaenea karibu dunia nzima. Darasa la watu wa Mombasa halikubali maneno kama hayo kimya kimya. Mwenzetu mmoja akamtaja Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyepita hapa mwaka 1331 akaandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, nafaka yao huletwa kutoka sehemu nyingine za pwani. Mji unaokula chakula cha kuvushwa baharini ni mji ulioingia katika mtandao wa biashara zamani sana. Mwengine akaja na Janet Abu-Lughod, ambaye mwaka 1989 alionyesha kwamba kati ya 1250 na 1350 palikuwa na mfumo wa biashara uliounganisha China, India, Uarabuni, Misri na Ulaya, na Ulaya ndani yake ilikuwa pembeni. Immanuel Wallerstein, aliyeanza kuandika juu ya mfumo wa dunia mwaka 1974, anauhesabu wa kwake kutoka karne ya 16, wakati Wareno wameshaingia. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, na kutoka Malindi akaongozwa kwa pepo zilizokuwa zikijulikana na kila baharia wa bahari hii kwa karne nyingi.

Yote hayo ni kweli, na nilifurahi kuyasikia. Lakini sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuishia hapo. Tukishasema utandawazi tulikuwa nao tangu enzi za majahazi, tunajiona tumeshajibu. Hatujajibu. Giddens hakatai kwamba watu walikutana zamani. Hoja yake inahusu namna ya kuaminiana, na inahusu wakati. Anasema maisha ya kisasa yanayang'oa mahusiano kutoka mahali pake na kuyapeleka mbali, kwa njia mbili: vitu kama fedha, vinavyopokelewa popote bila mtu kujua vimetoka kwa nani, na mifumo ya wataalamu tunaowategemea bila kuwaona. Jambo hilo sikulielewa vizuri mpaka nilipokwenda kuzungumza na ami yangu.

Ami yangu, mdogo wake baba, ujanani alikuwa baharia wa jahazi, baadaye nahodha. Akipakia boriti za mikoko Lamu, akishuka Mombasa na Unguja, na misimu mingine akivuka hadi Ghuba na kurudi na tende na mazulia. Siku hizi hutoka alasiri akakaa barazani, Mji wa Kale, karibu na bandari ya kale ambayo sasa inapokea vyombo vichache. Nilimuuliza juu ya kusubiri.

"Ami, mlikuwa mkikaa muda gani bandarini?"

"Mpaka upepo ugeuke, mwanangu. Umekuja na kaskazi, utarudi na kusi. Katikati hapo unakaa."

"Na mwenye mali haoni hasira?"

"Amkasirikie nani? Na yeye anausubiri upepo ule ule."

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, kusi hushika kuanzia Aprili. Katikati, wageni walilazimika kuishi hapa. Walipanga nyumba, walioa, walijifunza lugha, walidaiwa na kudai. Mkopo ulitolewa kwa mtu ambaye babake anajulikana, na akikimbia, nduguye atapatikana msikitini Ijumaa. Ami ananieleza kwamba nahodha alikuwa akikabidhiwa mali ya watu wengi kwa mdomo na daftari moja tu, na daftari lenyewe lilikuwa la kujikumbusha.

Sitaki kuupamba wakati huo. Bahari ile ile ilibeba watumwa, na mashamba ya nazi na nafaka ya pwani hii yalilimwa na watu ambao hawakuwa na wakati wao wenyewe hata kidogo. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa katika ukanda wetu wa pwani mwaka 1907 tu. Ninachokichukua kwa ami ni kitu kimoja: kati ya wale waliokuwa huru, kusubiri kuliwapata wote pamoja. Tajiri na baharia walizuiwa na upepo mmoja, na hakuna aliyemtoza mwenzake fedha kwa sababu upepo umechelewa.

Sasa nimlete mama mmoja wa Kisauni. Huyu alikuwa akiagiza mabegi ya shule na mashuka ya bweni kutoka Guangzhou, akichangia kontena na wafanyabiashara wenzake wadogo, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeweza kulijaza peke yake. Biashara hiyo ina msimu. Shule zikifunguliwa Januari, mzazi ananunua begi. Zikishafunguliwa, begi linakaa. Mzigo wake ulikuwa ufike mapema Desemba 2023. Wakati huo mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalikuwa yameanza kuzitisha meli, na kuanzia katikati ya mwezi huo kampuni kubwa zikawa zinazipeleka meli zao kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Mtu atasema, kutoka China kuja Mombasa hakupiti Bahari ya Shamu. Hakupiti kweli. Lakini meli ni zile zile na makontena ni yale yale. Meli iliyochelewa kutoka Ulaya inachelewa pia kurudi Asia, na ratiba yote inasukumana. Tulikuwa tumeyaona hayo mwaka 2021, meli ya Ever Given iliponasa Suez kutoka Machi 23 hadi 29, na kabla ya hapo wakati wa korona.

Mama akawa anakuja ofisini karibu kila wiki.

"Mwanangu, meli iko wapi?"

"Mzigo umeshushwa Port Klang, mama. Unasubiri meli nyingine ya kuuleta huku."

"Port Klang ndiyo wapi?"

"Malaysia."

"Basi nipe nambari ya huyo aliyeuzuia nimpigie. Mimi nitazungumza naye vizuri, nitamwambia shule zinafunguliwa."

Sikuwa na nambari ya kumpa, na nilimweleza hivyo. Hakuna mtu aliyekuwa ameuzuia. Palikuwa na ratiba iliyopangwa na kompyuta, nafasi iliyouzwa kwa mteja mkubwa zaidi, na ofisi ya Mombasa ambayo kazi yake ni kutuma barua pepe kwa ofisi nyingine. Giddens ana maelezo juu ya mahali ambapo mtu wa kawaida hukutana uso kwa uso na mfumo usiokuwa na uso: kaunta ya benki, dawati la daktari, mhudumu wa ndege anayetabasamu. Anasema imani ya watu kwa mfumo hujengwa au huvunjika hapo. Nilipoisoma sehemu hiyo niliiweka kalamu chini. Kumbe meza yangu ndiyo mahali penyewe. Mimi ndiye uso wa maamuzi ambayo sikuyafanya wala sikushauriwa, na mama huyu ananiamini kwa sababu ananijua mimi, ilhali kinachoamua ni kitu kisichonijua mimi wala yeye.

Kontena lilifika baada ya shule kufunguliwa. Hapo ndipo kusubiri kulipogeuka deni. Kila kontena lina siku chache za bure bandarini, na zikiisha unaanza kulipia storeji, ada ya mzigo kukaa bandarini. Kampuni ya meli nayo ina siku zake za kukuachia kontena lake, na zikipita, dimareji inaanza kuhesabiwa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Katika kontena la kuchangia, mmoja asipokamilisha ushuru wake, wote wanakaa. Wenzake wawili hawakuwa na fedha tayari, kwa kuwa wao pia walitegemea mauzo ya Januari. Na dimareji hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imeshakaribia 160. Mama aliagiza mzigo kwa hesabu moja, akalipia kuchelewa kwa hesabu nyingine. Meli ilipochelewa wiki nyingi, hakuna aliyemlipa yeye. Yeye alipochelewa siku chache, alilipa.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi darasani na nitalirudia hapa. Kusubiri kwa leo kuna upande mmoja tu wenye bei.

Mwanajiografia David Harvey aliandika mwaka 1989 kwamba ubepari, hasa tangu misukosuko ya miaka ya 1970, umezidi kuubana wakati na kuufinya umbali, ili mtaji uzunguke upesi na kurudi na faida. Bandarini hoja hiyo inaonekana kwa macho, na chombo chake ni kontena. Aprili 1956, Malcom McLean alipakia makontena 58 juu ya meli ya Ideal X, kutoka Newark kwenda Houston, na tangu hapo kazi ya bandari duniani kote ikaanza kubadilika. Wazee waliofanya kazi Kilindini wanakumbuka magunia ya kahawa mabegani, makuli kwa vikosi, meli ikikaa siku nyingi na mabaharia wakitapakaa mjini. Leo meli ya makontena hukaa muda mfupi kadiri inavyowezekana, na mtu anaweza kuishi Mombasa mwaka mzima asikutane na baharia wa meli kubwa. Tangu 2014 bandari hii inapitisha kwa mwaka zaidi ya makontena milioni moja, kwa hesabu ya kontena la futi 20. Idadi imekua sana, na mikono inayohitajika imepungua sana.

Kuna mwanahistoria mmoja ambaye nadhani kila anayesoma utandawazi hapa pwani angepaswa kuanza naye, naye ni Frederick Cooper. Mwaka 1987 alitoa kitabu juu ya makuli wa Mombasa wakati wa ukoloni, na mwaka 2001 akaandika makala ya kuuliza wazo lenyewe la utandawazi lina faida gani, akiutazama ulimwengu kutoka Afrika. Kazi hizo mbili nilizisoma kwa kufuatana, na kwangu ya kwanza ndiyo iliyoifungua ya pili. Katika ile ya makuli anaeleza kwamba wakoloni walisumbuliwa sana na vibarua wa siku. Kibarua alikuwa na uhuru wa kuchagua siku: leo anapakia meli, kesho anakwenda shambani kwake Kisauni au Likoni, kesho kutwa anarudi. Wakubwa wa bandari waliona hiyo ni fujo. Baada ya migomo, na hasa mgomo mkuu wa Januari 1947 ulioufunga mji, walijitahidi kuwapunguza vibarua na kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu, wenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Vita vya bandari hii havikuwa vya mshahara peke yake. Vilikuwa vya kuamua wakati wa mtu ni wa nani.

Ndipo katika makala ya 2001 Cooper anasema kwamba habari ya dunia nzima kuunganika inaficha mengi. Mahusiano ya mbali yapo, na yana nguvu, lakini yana mipaka yake, yana mahali yanapojaa na mahali yanapokatika, na yana wenyewe. Nilipomaliza kuisoma nikamkumbuka tena yule mama. Ameunganishwa na Guangzhou kweli. Anatuma sauti kwa simu, anapata picha za mabegi usiku huo huo, kwa nyaya za intaneti zilizotua katika ufuo wetu kuanzia 2009. Katika kuchagua rangi ya begi, yeye na mtu wa Guangzhou wako karibu kama majirani. Katika kuamua begi litafika lini, yuko mbali kuliko ami yangu alivyokuwa mbali na Muscat.

Aliyelisema hili wazi kuliko wote ni Doreen Massey, mwanajiografia Mwingereza. Mwaka 1991 aliwajibu wenzake waliokuwa wakisema umbali umekufa. Umekufa kwa nani? Akasema wapo wanaosafiri na kuamua safari, wapo wanaosafiri bila kuamua chochote, na wapo waliokaa pale pale huku safari za wengine zikiwaangukia. Kuunganika kwa mmoja kunaweza kumpunguzia mwenzake uwezo. Yeye alitoa mifano ya mtaa wake wa Kilburn, London. Mimi niliandika insha yangu ya mwisho wa mwaka kwa kutembea kutoka Mwembe Tayari mpaka Marikiti, nikiwauliza wauzaji bidhaa zao zimesafiri vipi, na swali langu la pili lilikuwa: zikichelewa, nani analipa? Muuza viungo, muuza spea za baiskeli, muuza leso, wote walijibu sawa. Anayelipa ni yule wa mwisho katika mnyororo ambaye hana wa kumsukumia.

Mwaka 2019 mji mzima ulipewa somo hilo. Treni za mizigo za reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi zilikuwa zimeanza Januari 2018, na Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipakiwe reli na kutolewa katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Kwa mchumi aliyekaa mbali, hilo ni jambo la kupunguza muda: kontena litoke melini, lipande behewa, lifike Nairobi bila kusimama. Kwetu, kule kusimama ndiko kulikokuwa mkate. Dereva anaposimama Miritini anakula. Tanboi, msaidizi wake, ananunua chai, fundi wa tairi anaziba pancha, mlinzi wa yadi ana zamu, karani wa klaringi ana fomu ya kujaza. Mpaka Mariakani na kuendelea kuna watu walioishi kwa sababu lori haliwezi kwenda bila kupumzika. Watu waliandamana, mimi nikiwa mmoja wao, na Oktoba mwaka huo agizo likasimamishwa. Lakini mizigo mingi iliendelea kwenda kwa reli, na wenzangu kadhaa walihamia Nairobi kuifuata kazi. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa.

James Ferguson, mtaalamu wa anthropolojia, aliandika mwaka 2006 kwamba mtaji barani Afrika haumiminiki kama maji yanavyomiminika juu ya ardhi na kulowesha kila mahali. Unaruka. Unatoka penye faida unatua penye faida, na palipo katikati panarukwa. Yeye alikuwa akizungumzia mafuta na migodi. Mimi nilimsoma nikiwa nimeshaona makontena yaliyofungwa sili yakipita juu ya paa za Changamwe.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Zygmunt Bauman alisema mwaka 1998 kwamba dunia mpya inawagawa watu kwa uwezo wa kutembea: watalii, wanaokwenda wapendako, na wazururaji, wanaosukumwa au wanaozuiwa. Hapa hilo halihitaji mfano mrefu. Kijana wa mtaani kwetu akitaka kwenda Ulaya analipa ada isiyorudi, anachukuliwa alama za vidole, anasubiri. Anayekuja kwetu kutoka Ulaya anajaza fomu mtandaoni. Na Ulrich Beck, aliyeandika juu ya jamii ya hatari mwaka 1986, anasaidia kuelewa Mei 2014, Uingereza ilipotoa onyo juu ya Mombasa na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kabla likizo haijaisha. Hatari ilikuwepo, na sisi ndio tuliokuwa tukilala nayo. Ila aliyekuwa na mamlaka ya kuipima na kuitangaza alikuwa kwingine, na kwa neno lake hoteli zilifungwa na wapishi wakarudi kijijini kusubiri.

Kuhusu jamii ya baada ya usasa, nina maneno machache na huenda nikapingwa. Jean-François Lyotard aliandika mwaka 1979 kwamba watu wameacha kuziamini simulizi kubwa, zile zinazoahidi kwamba historia inakwenda mbele kuelekea ukombozi au maendeleo. Huenda Paris waliacha. Hapa simulizi kubwa ipo kila penye ujenzi, ina ubao wake na mwaka wake. Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya, ilizinduliwa 2008, na lugha yake ni ile ile ya mchumi Walt Rostow wa 1960, ya jamii kupanda ngazi hatua kwa hatua mpaka kufika juu. Watu wa Mombasa hawajaacha kuiamini wala hawaiamini kikamilifu. Wanaisubiri. Wanakata kiwanja karibu na barabara iliyoahidiwa, wanampeleka mtoto kusomea kazi za bandari, wanaweka akiba. Huo ni msimamo ambao nadharia ya baada ya usasa haijui iuweke wapi, na naona ni kasoro ya nadharia.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyezikwa mwaka 2014 katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus, alikuwa akisema kwamba utandawazi unafanya mambo mawili kwa pamoja: watu wa dunia wanazidi kufanana, na wakati huo huo usemi unazidi kuwa wa wachache. Wengi wanaomtaja hushika la kwanza, wakalalamika juu ya mavazi na muziki wa vijana. Mimi la kwanza halinisumbui sana. Vijana wetu wanavaa wanavyotaka na bado wanakula mbaazi na mahamri asubuhi. La pili ndilo ninaloliona mezani kwangu kila siku ya kazi.

Yale masomo yamenibadilishia namna ya kufanya kazi. Zamani mteja alipokuja na hati za mzigo uliokwisha kupakiwa, nilianzia hapo. Sasa nawaambia wateja wadogo waje kabla hawajatuma fedha. Siku za bure za kontena hupatanwa kule mzigo unakotoka, kabla nafasi ya melini haijakatwa. Likishapakiwa, hakuna wa kusikiliza. Waagizaji wakubwa wanalijua hilo na wana watu wa kuwasemea. Wadogo hawakuwa wakiambiwa. Nikawashauri pia wanaochangia kontena waandikiane: kila mmoja aweke fedha za ushuru pembeni kabla meli haijatia nanga, na asiyeweka, gharama ya kuwachelewesha wenzake ni yake.

Mama wa Kisauni aliuza yale mabegi kidogo kidogo, mengine kwa bei ya kununulia. Kisha akawakusanya wanawake wenzake wa Kisauni na Kongowea wenye biashara kama yake, wakakaa nyumbani kwake. Aliniita niwaeleze siku za bure, storeji na dimareji, na nikawachorea kwenye karatasi ni lini saa ya kila mmoja inaanza kuhesabiwa. Walipoagiza tena, walituma ombi moja kwa pamoja kupitia yule wa Guangzhou, la makontena mawili, na sharti la siku za bure za ziada likiandikwa katika mkataba. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Wakakataa kutuma malipo ya awali mpaka waulizwe tena wenye meli. Mwishowe walipewa nusu ya siku walizoomba, kwa maandishi.